Mti wa Matunda ya Damu Hautaki Mkulima Mvivu

Katika nyanda za juu za Kenya, tangu Kiambu na Murang'a hata Nyeri, Embu na Meru, uko mti mdogo wenye majani mapana na matunda yaning'iniayo mfano wa mayai mekundu. Watu wengi huyaita matunda ya damu kwa sababu ya rangi ya maji yake. Wengine huuita mti wenyewe mgogwe. Asili yake si Afrika, bali ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, nao ni ndugu wa nyanya, viazi, biringanya na tumbaku. Wakulima wa New Zealand waliyapa matunda hayo jina la tamarillo mwaka 1967, yasipate kuchanganywa na nyanya za kawaida.

Mti huu humfaa mwenye shamba dogo, kwa maana hauchelewi. Ukitunzwa vema huanza kuzaa baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Lakini upesi wa kuzaa ni upesi wa kuzeeka vilevile. Miaka yake ya mavuno mema si mingi, na mkulima aanzaye kwa miche mibovu hupoteza sehemu kubwa ya miaka hiyo, pamoja na fedha zake.

Basi jambo la kwanza ni mahali. Mizizi yake haiendi chini sana, wala haivumilii maji yaliyotuama. Mbao yake ni laini, na matawi yaliyolemewa na matunda huvunjwa upesi na upepo. Kwa hiyo yafaa upandwe penye kinga ya ua au miti mirefu. Tena usipandwe mahali palipotoka viazi au nyanya, kwa kuwa magonjwa ya ndugu hao na minyoo ya mizizi hubaki udongoni.

Jambo la pili ni miche. Mti utokao katika mbegu hupanda juu kwanza, ndipo utoe matawi. Utokao katika kipande cha tawi hutawanyika karibu na ardhi, nao husimama vizuri zaidi penye upepo. Lakini kipande cha tawi huchukua ugonjwa wa mama yake. Majani yakiwa na mabaka ya rangi mbalimbali na kujikunja, huenda mti una virusi, na dawa ya kuuponya haipo. Hapana budi kung'oa mti kama huo na kuuchoma, kabla vidukari hawajaeneza ugonjwa kwa mingine. Mbegu na zitolewe katika tunda bivu la mti wenye afya, zioshwe, kisha zikaushwe kivulini.

Shimo lichimbwe futi 2 kila upande, na udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza. Kati ya mti na mti ziachwe futi 8 hivi. Mche ufikapo kimo cha futi 3, ncha yake ikatwe ili utoe matawi, na mti uegemezwe kwa nguzo. Nyasi kavu zitandazwe chini kuhifadhi unyevu, ila zisiguse shina. Magugu yang'olewe kwa mkono, maana jembe likizama hukata mizizi. Baada ya mavuno matawi yapunguzwe, kwa kuwa matunda huja katika machipukizi mapya.

Matunda hayaivi yote pamoja, hivyo huchumwa mara kwa mara, kila moja na kikonyo chake, ili yakae muda mrefu bila kuoza. Ganda lake ni chungu. Tunda hukatwa katikati na kuliwa kwa kijiko, au humwagiwa maji ya moto likamenywa. Ndani yake mna vitamini C, nayo ni faida kwa watoto wa nyumbani kabla ya kufikiri habari za soko.

Mkulima mwenye busara hapandi miti yote siku moja. Hupanda michache kila mwaka, ili iliyozeeka iking'olewa, mingine iwe tayari imeanza kuzaa, na kikapu chake kisikae kitupu.