Samaki Wako wa Maji Chumvi Anahema Kama Amekimbia Marathon? Soma Hii Kabla Ununue Dawa

Wasee wa matangi, hii ni yenu. Umeamka, unacheki tangi, na Nemo wako ako juu kabisa ya maji, mdomo wazi, mashavu yanapiga mbio. Wengi hapo hukimbia dukani kununua dawa. Tulia kwanza. Dawa isiyofaa inaweza kumaliza huyo samaki haraka kuliko ugonjwa wenyewe, na kuna magonjwa hukupa siku moja au mbili tu za kujipanga.

Anza na kuhesabu: ni wangapi wanahema? Kama ni wote, na jana jioni walikuwa fiti, shaka ya kwanza ni maji. Kama ni mmoja, hasa yule mgeni uliyemleta juzi, hapo tunaongea magonjwa.

Tuanze na maji. Maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya mfereji. Kwa joto la nyuzi 26, lita moja ya maji yasiyo na chumvi inashika karibu miligramu 8. Ya chumvi ni kama 6 na nusu. Joto likipanda, inashuka zaidi. Usiku nao mwani na matumbawe huvuta oksijeni bila kuitoa, so alfajiri ndio saa mbaya kabisa. Sasa ongeza stima kupotea usiku mzima na pampu imezima. Umeelewa venye watu huamka na msiba kwa sebule.

Kama oksijeni iko sawa, pima amonia. Inafaa kuwa sufuri, na kwa tangi mpya mara nyingi haiko. Inachoma matamvua, samaki anahema hata kama hewa imejaa. Halafu uliza watu wa nyumba: nani alipuliza dawa ya mende jana? Dawa nyingi za kupuliza ziko na pairethroidi, binamu wa ile sumu ya pareto yetu, na kwa samaki ni noma sana. Pampu ya hewa inavuta hiyo hewa ya keja na kuipeleka moja kwa moja ndani ya maji.

Huduma ya kwanza haibadiliki, hata kama bado hujajua shida ni gani. Elekeza pampu juu ili uso wa maji utikisike vizuri. Badilisha robo ya maji, chumvi na joto zikiwa sawa na za tangi, na klorini ya mfereji iwe imetolewa. Ukishuku sumu, weka makaa ya filta (ya filta, bana, si ya jiko). Wakitulia ndani ya saa chache, shida ilikuwa maji na umeokoa doh ya dawa.

Wasipotulia, chukua tochi umwangalie huyo mgonjwa kutoka pembeni. Vumbi laini kama unga mwilini, anakwepa mwanga, anajisimamisha mbele ya mkondo wa pampu? Hiyo ni velveti, na ndiyo huua haraka. Ubaya ni kwamba huanzia kwa matamvua, kwa hivyo anaweza kudedi kabla uone vumbi lolote. Madoa makubwa kiasi, kama chembe za chumvi, ni ugonjwa wa madoa meupe, na huo hukupa nafasi kidogo. Kama ni Nemo na anatoa ute mzito mweupe, ngozi kama inabanduka, shuku Brooklynella.

Hapa ndipo watu huchomeka. Dawa ya shaba inafanya kazi kwa velveti na madoa meupe, lakini kwa Brooklynella haisaidii, hiyo hutibiwa kwa formalini. Ukikosea hapo, umempa samaki sumu na ugonjwa unaendelea.

Anayejikuna kwa mawe na kufunga shavu moja pengine ako na minyoo ya matamvua. Kama bado ana nguvu, mtie kwenye maji yasiyo na chumvi, bila klorini, joto na pH sawa na ya tangi, hewa ikipigwa, dakika 5 hivi huku ukimwangalia. Akilegea, mtoe mara moja. Minyoo ikiwa iko, utaiona chini, myeupe kama simsim ndogo.

Shaba usiwahi kumwaga kwa tangi kubwa, inaua kamba, konokono na matumbawe. Mgonjwa anatibiwa kwa tangi lake peke yake, na kipimo cha shaba kiko mkononi kila siku. Kama ni velveti, hamisha samaki wote, hata wale wanaonekana poa, na uache tangi kubwa bila samaki angalau wiki 6 ndio vimelea vife njaa.