Mtoto hajafika arobaini, picha yake imeshafika Dubai

Tanga. Katika nyumba nyingi za pwani, mtoto mchanga hatolewi nje ovyo. Hukaa ndani na mama yake mpaka arobaini itimie, na wanaoruhusiwa kumwona wanajulikana: shangazi, jirani wa siku nyingi, mke wa baba mdogo. Bibi ndiye bawabu. Mgeni anayeshukiwa kuwa na kijicho hupewa chai barazani, akaishia hapo hapo.

Siku hizi bibi bado yuko mlangoni, ila mtoto ameshatokea dirishani. Picha yake ilipigwa wodini, kafungwa khanga, macho bado hajayafumbua. Ikawekwa kwenye stetasi ya WhatsApp pamoja na uzito, saa aliyozaliwa na jina la hospitali. Kabla ya magharibi, ndugu aliyeko Dubai ameipeleka kwenye kundi la ukoo. Mwana ukoo mmoja naye kaipeleka kwenye kundi la VICOBA, ambako wamo watu 200 ambao bibi asingewapa hata hiyo chai.

Mtoto huyo hajapewa jina, lakini tayari ana kumbukumbu mtandaoni. Hakuna aliyemwuliza, na hata angeulizwa asingeweza kujibu. Ndiyo maana suala hili linawahusu wazazi kuliko mtu mwingine yeyote.

Bakuli zilizobanduliwa

Tongoni, kilomita zipatazo 17 kusini mwa Jiji la Tanga kwenye barabara ya Pangani, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40 ya karne nyingi zilizopita. Baadhi ya makaburi hayo yamebaki na mashimo ya duara. Hapo zamani zilipachikwa bakuli za kigeni kama pambo na kama ishara ya heshima ya aliyelala.

Bakuli hizo sasa hazipo. Waliozipachika walitaka zionekane, nazo zikaonekana na kila mpita njia, wakiwamo waliokuja na kitu cha kubandulia.

Mzazi anayeweka picha ya mwanawe mahali pa wazi naye hana nia mbaya. Anajivunia, kama walivyojivunia wale wajenzi. Tofauti ni kwamba bakuli ikibanduliwa shimo hubaki na kila mtu analiona. Picha ikichukuliwa, yenyewe inaendelea kuonekana pale pale, na mwenye nayo hajui kama imeibwa.

Tunapiga kelele kuhusu wengine

Si kweli kwamba Watanzania hawajali faragha. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kazi ambayo tarehe yake ya mwisho ilisogezwa hadi Januari 20, 2020, watu walikaa kwenye foleni wakiulizana vidole vyao vinakwenda wapi. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipowataka wanaotumia VPN kujisajili, mjadala ulikuwa mkali.

Mei 2025 mtandao wa X ulipoacha kufunguka nchini, wazazi waliokuwa hawajui VPN ni mnyama gani walifundishwa na watoto wao jioni moja. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa na ikachukua siku kadhaa kurudi. Kila mtu akakumbuka ghafla kwamba karibu kila shughuli yake ipo ndani ya simu.

Maswali hayo yana msingi. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake.

Kichekesho ni kwamba baba anayeuliza kijiweni nani anasoma meseji zake, asubuhi yake ameweka picha ya binti yake akiwa na sare yenye jina la shule, amesimama kituo cha basi anachopandia kila siku, na saa imeandikwa. Jasusi wa nini tena? Taarifa zote zimeletwa mezani, zimepangwa, na zina alama ya moyo mwekundu.

Kadi ya kliniki si kadi ya mwaliko

Kinachotokea zaidi ni picha ya kadi ya kliniki. Mama ametoka kupeleka mtoto chanjo ya wiki ya 14, uzito umepanda, na mstari kwenye kadi unakwenda juu vizuri. Furaha hiyo ni halali. Anapiga picha, anaituma.

Kadi ile ina jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, mahali anapoishi na kituo anachotibiwa. Hizo ndizo taarifa ambazo mtu hutumia kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Tapeli anayepiga simu na kumtaja mtoto kwa jina, umri na kliniki anayohudhuria, ataaminiwa upesi kuliko yule wa “ile hela itume kwenye namba hii”.

Kadi ya mjamzito inahitaji uangalifu zaidi. Ndani yake huandikwa majibu ya vipimo, vikiwamo vya VVU na kaswende. Hata yakiandikwa kwa alama, aliyezoea kadi hizo anazisoma bila miwani.

Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri, na muuguzi anayeyatoa ovyo anaweza kuwajibishwa. Lakini siri ambayo muuguzi ameitunza kwa miezi tisa, mhusika mwenyewe anaweza kuimwaga kwa kubonyeza mara moja, kwa sababu alitaka tu kuonyesha tarehe ya kujifungua.

Mficha uchi na mkunga wake

Lipo eneo ambalo si la kuchekwa. Ni picha za watoto wagonjwa zinazosambazwa kuomba msaada: aliyeungua, mwenye uvimbe, mwenye kichwa kikubwa, amelala kitandani bila nguo. Chini yake jina, ugonjwa, wodi na namba ya kutuma fedha.

Mzazi anayefanya hivyo mara nyingi amekwisha kuuza alichonacho. Ukimwambia habari za faragha atakujibu kwa methali mbili ambazo kila mtu anazijua: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Atakuwa sahihi. Wapo watoto waliotibiwa kwa sababu picha zao zilisambaa.

Hata hivyo, methali ile inamhusu mjamzito mbele ya mkunga. Inamtaka amfunulie anayeweza kumsaidia, haimtaki akajifungulie sokoni.

Picha hiyo ikishatoka, mambo mawili hufuata. La kwanza ni matapeli. Wanachukua picha ile ile na kilio kile kile, wanabadilisha namba tu. Fedha za wasamaria zinaishia kwao, na mzazi halisi anapokuja kuomba tena anaonekana mwongo.

La pili ndilo ambalo kila mmoja analiombea: mtoto anapona. Anakua, anaingia sekondari, anapata marafiki na maadui kama wenzake. Siku moja mmoja wao anaipata picha. Fedha zilitumika na kwisha, deni lililipwa, lakini mwili wake ukiwa uchi bado unazunguka kwenye simu za watu asiowajua. Alipona ugonjwa, hajapona picha.

Kabla ya kamera, upo mlango wa kubisha kwanza. Hospitali za umma zina huduma za ustawi wa jamii kwa wagonjwa wasio na uwezo, na sera ya afya inataka mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Mlango huo haufunguki kila mara kwa urahisi, lakini aliyebisha ana cha kueleza anapokwenda kwa ndugu, msikitini au kanisani.

Ikibidi kuomba hadharani, inawezekana kumlinda mtoto. Avae nguo. Lisitajwe jina lake kamili wala namba ya faili. Namba ya fedha iwe ya ndugu mmoja anayejulikana, na fedha zikitimia tangazo liondolewe na waliosaidia waambiwe waache kulisambaza. Halitafutika lote, ila litapungua.

Binti atakapoacha kusema

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye simu. Inaonekana kwenye afya ya mtoto.

Zamani binti wa pwani akivunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke aliyemfunda na kumsikiliza. Thamani ya somo haikuwa ujuzi peke yake. Ilikuwa kwamba yaliyosemwa kwake hayakutoka.

Sasa mfikirie binti wa miaka 13 aliyeona mama yake akitangaza alipokojoa kitandani, alipopata tetekuwanga na alipofeli hesabu, kila tukio na alama zake za kicheko. Huyu akipata maumivu chini ya kitovu, au uchafu usio wa kawaida, au akiguswa na mtu mzima, atamwambia nani? Atamwambia rafiki yake mwenye miaka 13, au ataiuliza simu.

Dalili hizo hizo ndizo zinazohitaji kusikika mapema na mtu mzima mwenye busara. Mzazi anayetunza siri ndogo za mtoto anajiwekea nafasi ya kuambiwa zile kubwa.

Sheria ipo

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume inayoisimamia (PDPC) ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Sheria hiyo inazihesabu taarifa zinazohusu watoto, pamoja na za afya, kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi zaidi ya nyingine. Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Maana yake kwa mzazi ni kwamba shule, kituo cha kulelea watoto au hospitali inayotaka kutumia picha ya mwanawe kwenye tangazo inapaswa kumwomba ridhaa. Mzazi anaweza kukataa bila kuonekana mkorofi, na akipuuzwa anaweza kulalamika kwa Tume.

Majirani wameshaonyesha kwamba jambo hili si la mapambo. Septemba 2023, ofisi ya kulinda taarifa binafsi ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi.

Ufaransa ilikwenda hadi sebuleni. Februari 2024 ilipitisha sheria inayowakumbusha wazazi wote wawili kwamba kulinda picha na faragha ya mtoto ni sehemu ya wajibu wao, na kwamba mtoto ashirikishwe kulingana na umri wake.

Hapa kwetu hakuna ofisa atakayebisha hodi kwa sababu bibi amesambaza picha ya mjukuu. Ndani ya nyumba, Tume ni baba na mama.

Mzazi afanye nini?

Si lazima kuzima simu wala kuhamia porini. Haya machache yanatosha kuanzia:

- Punguza wanaoona. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, unaweza kuchagua nani aone stetasi yako. Fundi wa friji uliyehifadhi namba yake mwaka juzi hana haja ya kumwona mtoto wako akioga.

- Angalia kilicho nyuma ya mtoto. Jina la shule, namba ya nyumba, kadi ya kliniki mezani. Kamera nyingi za simu zinaweza pia kuhifadhi mahali picha ilipopigwa. Zima sehemu hiyo.

- Chelewesha. Picha ya matembezi iwekwe mkisharudi nyumbani.

- Usiweke picha ya mtoto akiwa uchi, akilia au akiumwa. Hata iwe ya kuchekesha.

- Muulize. Mtoto wa miaka sita anaweza kusema kama anapenda picha yake ionwe na watu. Akikataa, usiiweke.

- Ongea na bibi. Bawabu wa arobaini naye sasa ana simu kubwa, na kundi la ukoo ndiyo baraza lake. Mweleze kwamba kijicho siku hizi kinapita humo humo. Ataelewa haraka kuliko unavyodhani.

- Toa taarifa. Meseji ya kitapeli, pamoja na namba iliyoituma, ipelekwe 15040. Mtoto akitishwa au kudhalilishwa, mtandaoni au nje yake, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo.

Na kabla ya kubonyeza “tuma”, lipo swali moja la kizamani ambalo halihitaji bando: je, wote watakaoiona picha hii, ningewafungulia mlango waingie chumbani alikolala mtoto?