Oldonyiro, Kila Msee Anariski

Nairobi msee akikushow "niliriski", mara mingi ni mkeka: ameweka soo mbili kwa timu kumi na moja ikamchoma. Oldonyiro, huku mwisho wa Isiolo ukikaribia Laikipia, kuriski ni job.

Cheki siku ya soko. Broka yuko na miaka ishirini na kitu, anafinya mbuzi kiuno, anafungua mdomo acheki meno, anataja bei. Mathee wa Kisamburu anacheka hiyo bei. Wanavutana mpaka inaingia box. Shida ni chali hana doh yote, so nusu ya mzigo anabeba mali kauli. Sasa hizo mbuzi lazima zifike soko ya Kiamaiko, Nairobi, zikiwa hai, na bei iwe haijaanguka. Ikianguka ni yeye na mathee, soko ijayo. Na huku huwezi hama mtaa ukwepe deni, boma yenu inajulikana.

Kuna wasomi wanasema hii "risk" ya wazungu ilitoka kwa neno la Kiarabu, lile lile lililotuletea riziki. Wengine wanabisha. Broka hawezi bisha.

Siku hizi riski inauziwa hadi bima. Ile bima ya mifugo ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ilianza Marsabit 2010, ikafika Isiolo 2013. Satelaiti inacheki ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango walichoweka, mwenye bima analipwa. Idea kali, si uongo. Lakini satelaiti haijui ng'ombe yako. Ikiliwa na simba ama ikibebwa na wezi usiku, na kule juu panaonekana kijani, umeumia solo. Halafu kuna vichaka vinakaa kijani poa kabisa na ng'ombe haziguzi. Kati ya 2020 na 2022 misimu tano ya mvua ilikataa mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Baada ya hasara ka hiyo, usishangae morani akiuza zilizobaki anunue nduthi.

Kuna kitu ingine mi siwezi iita riski. Upande wa Dol Dol, hapo jirani, na Archers Post, jeshi la Uingereza limefanya mazoezi miaka mob, na mabomu zingine zikabaki chini bila kulipuka. Mtoto anachunga mbuzi, anaona chuma, anaokota. 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200. Riski unajichagulia, na kuna kitu unatarajia kupata. Hii ulipandiwa kwa malisho yenu na hakuna mtu alikuuliza.

Lagga nayo, ule mto wa msimu unaokaa mkavu, unaweza isoma, na hapo ndio wasee wa nduthi wanatoa mgeni ushamba. Jua inachoma, mchanga umekauka kabisa, kumbe kumenyesha huko juu na maji iko njiani na magogo yake. Mgeni anasema "si twende tu, kumekauka!" Msee wa nduthi anazima engine, anaangalia mawingu ya mbali, anaskiza. Abiria akizidi kumharakisha, anarudishiwa fare na kuonyeshwa mahali pa kuvukia na miguu.