Shusha rimu, pandisha ubavu

Kutoka Mbarara, Uganda, hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni takriban kilomita 60, na katika safari hiyo moja dereva hukutana na barabara mbili zisizopatana. Ya kwanza ni lami inayopita Isingiro kuelekea Kikagati, mpakani na Tanzania. Ya pili huanza unapoiacha lami kushika njia ya Ziwa Nakivale: murram yenye kokoto kali wakati wa kiangazi, utelezi mwekundu mvua zikishika, na miiba ya migunga isiyojali msimu. Tairi linalofaa kwenye murram huonekana zito kwenye lami, na linalokwenda vizuri kwenye lami huchanika kwenye murram.

Magari mengi ya huku yameletwa mitumba kutoka Japani, yakiwa bado na viatu vya mjini. Nichukue Toyota Prado ya kizazi cha 150, iliyoanza kutengenezwa 2009. Kiwandani ilitoka na rimu za inchi 17, 18 au 19 kulingana na daraja lake. Za 19 huvaa tairi la 265/55R19, za 18 huvaa 265/60R18, za 17 huvaa 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu, kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, matairi yote matatu yana kimo kinachokaribiana sana, milimita 774 hadi 776. Gari halipandi wala halishuki, na mita ya mwendo haidanganyi. Kinachobadilika ni ubavu: milimita 146 kwenye rimu ya 19, 159 kwenye ya 18, 172 kwenye ya 17.

Milimita hizo 26 kati ya 19 na 17 ndizo unazozilipia. Gurudumu likigonga ukingo wa shimo, tairi hubonyea hadi upepo uliomo umalize nguvu za pigo. Ubavu ukiwa mfupi, mpira hufika kwenye chuma kabla pigo halijaisha. Nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache unaona uvimbe ubavuni, au rimu yenyewe imepinda na upepo unavuja polepole. Tundu la msumari kwenye meno ya tairi huzibwa kwa dakika chache. Ubavu uliokatika nyuzi hauzibiki, hata fundi akikuapia. Rimu ya inchi 20 inapendeza sana harusini. Harusi ikiwa Nakivale, nenda na gari jingine.

Kosa ninaloliona ni la mtu kushusha rimu bila kupandisha ubavu. Akitoka 265/60R18 akaweka 265/60R17, amepoteza milimita 25 za kimo. Tumbo la gari linashuka karibu milimita 13, na mita inasoma mwendo uliozidi kwa zaidi ya asilimia 3. Amelipa fedha ili gari liwe baya zaidi. Usiteremke tena hadi 16 kwa sababu tu rimu hizo ni rahisi: ndani ya rimu kuna diski na kalipa ya breki, na za mbele ndizo kubwa. Kabla tairi halijavishwa, funga rimu tupu mbele na uizungushe kwa mkono. Ikikwaruza popote, irudishe dukani.

Kuhusu ugumu wa tairi, watu huuliza idadi ya plai, yaani tabaka za nyuzi, kana kwamba nyingi ndiyo bora daima. Tairi la kawaida la Prado lenye alama ya uzito 112 hubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wa psi 36 hivi. Lile la gari la mizigo, lenye herufi LT mwanzoni na alama 120, hubeba kilo 1,400, lakini kwa psi 80. Ukilijaza psi zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, litabeba pungufu ya lile la kawaida, ubavu utafanya kazi kupita kiasi na kupata moto, hasa kwenye lami kwa mwendo mkali. Fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi. Jua pia kwamba kila gurudumu linaongezeka kilo kadhaa, mafuta yanaliwa zaidi, na breki zinachelewa kidogo. Kwa anayepita lami na murram kila wiki, mimi ningechagua meno ya wastani, yale ya barabara zote. Meno makubwa ya matope huunguruma hadi Mbarara, na kwenye lami yenye maji hayashiki vizuri.

Tazama mashirika ya misaada yanavyofanya. Land Cruiser zao ndefu za mfululizo wa 70 kwa miaka mingi zimevaa 7.50R16: tairi jembamba, refu, lenye tyubu, kwenye rimu ya chuma yenye pete. Fundi mwenye nondo mbili huifungua chini ya mti bila mashine. Ila pete hiyo huweza kuruka kwa nguvu ya kuua wakati wa kujaza upepo. Ifungwe minyororo kwanza, na asisimame mtu mbele yake.

Ukinunua tairi la mtumba, soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mpira mzee hupasuka hata kama meno yake yamejaa.

Mwisho ni nati. Rimu za alumini za Toyota hushikwa na nati zenye washa bapa. Rimu nyingi za chuma hutaka nati zenye ncha ya koni. Ukihamia chuma cha 17 na kubakiza gurudumu moja la alumini la 18 kuwa spea, kimo kitalingana, lakini nati za koni hazitaishika rimu hiyo sawasawa. Ukifika Nakivale safari ya kwanza, kaza magurudumu yote tena. Nati sita za zamani zenye washa bapa, za kushika spea hiyo, zifunge kwenye kitambaa, uziweke pamoja na jeki.