‘Filamu ilikuwa nzuri mpaka tulipotoka’: Baba, binti na mwisho wa Star Wars

Matatu ya kwenda Ongata Rongai ilikuwa imejaa, na baba mmoja aliyeketi karibu na dirisha alikuwa bado analalamika. Alianza walipotoka ukumbini katikati ya jiji la Nairobi, akaendelea wakivuka barabara, na sasa hata muziki wa matatu haukumnyamazisha.

Ilikuwa Desemba 2019, shule zimefungwa. Alikuwa amempeleka binti yake wa miaka 11 kutazama The Rise of Skywalker, filamu ya 9 na ya mwisho katika simulizi ya ukoo wa Skywalker, ile ambayo dunia nzima huijua kwa jina la Star Wars.

Baba alikuwa na malalamiko matatu. Kwanza, Palpatine, mfalme mwovu aliyetupwa shimoni katika filamu ya 1983, alikuwa amerudi akiwa hai, na hakuna aliyeeleza vya kutosha alivyopona. Pili, mambo yalikwenda mbio mno. La tatu ndilo lililomkera kuliko yote.

“Na huyu Rey, jina la Skywalker amelitoa wapi?” alimuuliza binti. “Hana damu yao hata tone moja. Jina la ukoo halichukuliwi tu hivihivi.”

Binti hakujibu. Alikunja mdomo wa mfuko wa bisi uliobaki nusu, akageuka kutazama nje.

Walipofika nyumbani mamake alimuuliza filamu ilikuwaje. “Ilikuwa nzuri mpaka tulipotoka,” akasema, akaingia chumbani. Chakula cha jioni hakukigusa.

Usiku huo mama alimketisha mumewe. “Unajua ulichomwambia mtoto leo?”

Baba alidhani kosa lake lilikuwa kumharibia binti raha ya filamu. Halikuwa hilo. Binti huyo alikuwa na miaka 4 mamake alipoolewa. Mwanamume aliyekuwa akilalamika ndani ya matatu ndiye anayemwita Baba, ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ndiye anayekwenda shuleni siku ya wazazi. Lakini hakumzaa.

Alizaliwa mwaka mmoja na filamu

Ili kuelewa jinsi mtu mzima mwenye busara zake anavyoweza kuteleza hivyo, ni lazima kurudi nyuma. Baba huyu, ambaye aliomba majina yao yasitajwe kwa ajili ya binti, alizaliwa mwaka 1977. Ndio mwaka ambao George Lucas alitoa filamu ya kwanza ya Star Wars, tarehe 25 Mei, nchini Marekani.

Yeye alikutana nayo akiwa na miaka 10, nyumbani kwa mjomba wake mjini Nakuru. Mjomba alikuwa na deki, na kanda ya kwanza aliyomwekea ilikuwa Return of the Jedi, ambayo kwa kweli ni ya tatu. Mtoto hakujua nani ni nani. Alijua tu kwamba kuna vyombo vinavyoruka angani na panga za mwanga.

Kisha likatokea jambo ambalo hajalisahau mpaka leo. Katika chombo kiitwacho Millennium Falcon, kando ya rubani Lando Calrissian, aliketi kiumbe mwenye macho meusi na mashavu makubwa yaliyoning’inia. Kiumbe huyo alipofungua kinywa, alizungumza Kikuyu.

Nyanya yake, aliyekuwa akichambua maharagwe, aliinua kichwa. “Huyo ni nani anayeongea?” Mtoto akamwonyesha. Nyanya akamtazama yule kiumbe kwa muda. “Huyo ni wetu,” akasema. “Na mashavu yanaonyesha anakula vizuri.”

Hayakuwa masikio ya nyanya kumdanganya. Kiumbe huyo anaitwa Nien Nunb, na sauti yake ilitolewa na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, ambaye watengenezaji walimtumia wakitafuta lugha ambayo watazamaji wa Marekani wangeiona ngeni kabisa. Hawakumfikiria nyanya wa Nakuru. Filamu ilipoanza upya mwaka 2015, Rotich alirudi kumpa Nien Nunb sauti.

Kuanzia siku hiyo, mtoto yule aliichukua hadithi hiyo kama mali ya nyumbani kwao. Aliangalia tatu za mwanzo mpaka kanda ikaanza kukwaruza. Zilipokuja za 1999, 2002 na 2005 alikuwa kijana anayejitafutia riziki. Mwaka 2015 aliporudi ukumbini alikuwa na mke na binti wa miaka 7. Alimnong’onezea kwamba yule bibi mdogo mwenye miwani mikubwa, Maz Kanata, anazungumza kwa sauti ya Lupita Nyong’o, aliyelelewa hapa Kenya. Binti alicheka kwa furaha. Tangu hapo zikawa filamu za wawili.

Kwa nini mwisho unauma

Wapo watakaouliza, mtu mzima analiliaje filamu? Jibu ni kwamba hadithi iliyodumu miaka 42 huwa imeshakuwa kalenda ya maisha ya mtu. Anakumbuka kila sehemu alipoitazama, na nani, na nani kati yao hayupo tena.

Hata waliocheza ndani yake wamezeeka na kuondoka. Carrie Fisher alikuwa na miaka 19 alipoigiza kwa mara ya kwanza kama Leia. Alifariki tarehe 27 Desemba 2016 akiwa na miaka 60, kabla ya filamu ya mwisho kupigwa. Watengenezaji walitumia picha zake zilizobaki kutoka filamu ya 2015. Binti yake, Billie Lourd, ambaye naye anaigiza katika filamu hizo, anaonekana karibu na mama ambaye tayari alikuwa kaburini.

Kwa hiyo baba aliingia ukumbini siku ile akiwa na mzigo. Nyanya wa maharagwe hayupo tena. Hata Nien Nunb, yule “wetu”, chombo chake kililipuliwa katika vita vya mwisho. Alitaka mwisho uwe mkubwa kama kumbukumbu zake. Haukuwa, na hasira ikatafuta pa kutokea. Ulimi hauna mfupa.

Alichokisahau kwa miaka 32

Mke alipomaliza kuzungumza, baba alibaki sebuleni peke yake. Anasema hakulala. Alianza kuirudia hadithi nzima kichwani, safari hii si kwa ajili ya kutafuta makosa.

Luke Skywalker alilelewa na nani? Na Owen na Beru, wakulima wa jangwani huko Tatooine. Owen hakuwa na damu ya Skywalker hata kidogo. Alikuwa ndugu wa kambo wa babake Luke. Walimlisha, wakamficha na hatari, na mwishowe wakauawa.

Leia je? Alichukuliwa akiwa mchanga na Bail Organa na mkewe. Hata alipojua aliyemzaa ni nani, aliendelea kuitwa Leia Organa. Hakuliacha jina la waliomlea.

Na baba yao wa damu? Ni Darth Vader. Katika filamu ya 1980 anamwambia Luke kwamba yeye ndiye babake muda mfupi baada ya kumkata mkono kwa upanga. Tena katika filamu ya 2015, Han Solo anauawa na mtoto wake wa kumzaa.

Rey mwenyewe, katika filamu ya mwisho, anagundua kwamba damu yake inatoka kwa Palpatine. Babu yake ndiye yule mwovu kuliko wote. Waliomfundisha na kumkubali ni Luke na Leia. Hadithi inapofungwa, amesimama katika shamba lililoachwa la Owen na Beru. Mwanamke mzee anapita, anamuuliza yeye ni nani. Anataja jina lake moja. Mzee anauliza, Rey wa nani? Anatazama mbali, anawaona Luke na Leia katika roho, ndipo anajibu kwamba yeye ni Rey Skywalker.

“Nilikuwa nimeitazama hadithi hiyo tangu nikiwa na miaka 10,” asema baba. “Tangu mwanzo ilikuwa inaniambia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mtoto alisikia mara moja. Mimi nilikuwa nahesabu makosa ya Palpatine.”

Asubuhi ya pili

Asubuhi alimkuta binti jikoni akikoroga chai. Hakumpa hotuba.

“Jana nilisema neno baya kwenye matatu,” alimwambia. “Lile la damu na jina. Nilikosea, tena sana. Naomba unisamehe.”

Binti aliendelea kukoroga. “Ulikuwa unasema juu ya Rey.”

“Nilikuwa nasema juu ya Rey, lakini wewe ndiye uliyekuwa umeketi kando yangu.”

Walinyamaza kidogo. Kisha binti akauliza, “Kwani wewe ulitaka amjibu yule bibi nini?”

Baba hakuwa na jibu. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu watoke ukumbini, alimuuliza yeye filamu aliionaje. Binti alizungumza mpaka chai ikapoa. Alikuwa ameyaona mambo mengi ambayo baba hakuyaona. Alipenda kwamba Rey aliwahi kuogopa ni nani, na bado hakuwa kama babu yake. Alipenda kwamba hakuna aliyemlazimisha kujibu alivyojibu.

Baba naye alimsimulia habari za nyanya, maharagwe na mashavu ya Nien Nunb. Binti hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Alikuwa akidhani babake anazipenda filamu hizo kwa sababu ya vita vya angani.

Wazazi wachukue nini hapa

Si kila nyumba ina mtoto wa kambo, na si kila mzazi ni mpenzi wa Star Wars. Lakini karibu kila mzazi ana kitu alichokipenda utotoni na ambacho angetamani mwanawe akipende: timu ya mpira, mwanamuziki, kitabu, kijiji. Mambo machache katika kisa hiki yanafaa kukumbukwa.

Mwache mtoto azungumze kwanza. Mkitoka kutazama kitu pamoja, maoni ya mzazi yakitangulia, ya mtoto hujificha. Muulize alipenda nini, kisha usikilize mpaka mwisho kabla ya kumsahihisha.

Angalia maneno ya damu. Katika nyumba yenye mtoto wa kambo, wa kulea au yatima wa jamaa, maneno kama “mtoto wangu wa kuzaa”, “baba yake wa kweli” na “si wa ukoo huu” hayasemwi ovyo, hata yanapomhusu mtu wa kwenye filamu. Mtoto wa aina hiyo huwa anasikiliza mambo hayo kwa masikio mawili.

Mweleze kwa nini kitu hicho ni kikubwa kwako. Mtoto hawezi kujua kwamba unalia kwa sababu ya nyanya yako ikiwa hujawahi kumtaja. Ukimwambia, atakusaidia kuubeba mzigo huo. Usipomwambia, ataona hasira tu.

Na ukikosea, omba msamaha kwa neno lenyewe ulilolisema. Kumnunulia mtoto zawadi bila kulitaja neno lile kunamwachia yeye kazi ya kulisahau.

Karatasi ya kaki

Hadithi nyingine za Star Wars zimeendelea kutengenezwa, na baba na binti huzitazama. Lakini ile ya Skywalker imekwisha, na baba anasema siku hizi haumwi nayo tena. Juu ya Palpatine bado wanabishana. Binti sasa yuko kidato cha tatu na hoja zake zimekuwa kali kuliko za babake.

Kuna jambo moja ambalo hawajawahi kulizungumza.

Mapema Januari 2020, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, wote watatu waliketi mezani kufunika madaftari kwa karatasi ya kaki, kama ilivyo desturi ya kila mwaka. Mama alikata, baba alikunja na kubandika, binti aliandika jina, darasa na somo.

Miaka yote alikuwa akiandika majina mawili. Siku hiyo, kwenye daftari la kwanza la Hisabati, aliandika matatu. La tatu lilikuwa la baba.

Baba aliliona, na mama akaliona. Hakuna aliyesema neno. Baba alivuta daftari la Kiswahili, akalikunjia karatasi kwa uangalifu mkubwa ili pembe zikae sawa, akamsogezea binti aandike.