Jiko la pampu la mtumba: namna ya kulifufua na kulitumia safarini

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi anajua kuwa safari haihesabiwi kwa kilomita peke yake. Kuna siku za barabarani na kuna siku za foleni. Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, lori linaweza kusimama hadi mtu akasahau ni Jumanne au Alhamisi. Kila siku ya kusimama ina chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni, kwa dereva na utingo wake. Posho iliyopigiwa hesabu ya siku saba inaliwa kwa siku kumi na mbili.

Ndiyo maana katika malori mengi utakuta kisanduku chenye sufuria, unga, dagaa, chumvi na jiko dogo. Miongoni mwa majiko hayo, lililodumu zaidi kuliko mengine ni jiko la pampu linalotumia mafuta ya taa. Jipya la shaba halipatikani kirahisi siku hizi, lakini la mtumba bado linaonekana katika masoko ya vitu chakavu, na mara nyingi muuzaji mwenyewe anadhani limekufa. Makala hii inaeleza jinsi ya kutambua jiko linalofaa, kulirekebisha, na kuliwasha bila kuhatarisha mzigo wala maisha.

JIKO HILI NI LIPI?

Jiko la aina hii lilibuniwa na Frans Wilhelm Lindqvist nchini Sweden mwaka 1892 na kuuzwa kwa jina la Primus. Baadaye viwanda vya nchi nyingine, zikiwemo Ureno na India, vilitengeneza majiko ya mfano huo. Wengi huyaita yote kwa jina la yule wa kwanza. Roald Amundsen alipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911 alikuwa na jiko la namna hiyo, na Edmund Hillary na Tenzing Norgay walikuwa nalo walipopanda mlima Everest mwaka 1953.

Ambaye amewahi kuwasha karabai atalielewa mara moja, kwani kanuni ni ile ile. Pampu inajaza hewa ndani ya tangi. Hewa inayasukuma mafuta kupanda kwenye bomba hadi kichwa cha jiko. Kichwa kikiwa cha moto, mafuta hugeuka mvuke kabla ya kutoka kwenye tundu dogo sana la nozeli. Mvuke huo unachanganyika na hewa na kuwaka kwa mwali wa bluu, usio na masizi.

Neno la kushika hapo ni "kikiwa cha moto". Kichwa kikiwa baridi, yanayotoka si mvuke bali ni mafuta yenyewe, na hayo huwaka kwa mwali mrefu wa njano. Ajali nyingi za jiko hili huanzia hapo.

KABLA HUJATOA PESA

Kwanza tambua ni jiko la mafuta gani. Katika makontena ya mitumba kutoka Marekani na Ulaya hutoka pia majiko ya petroli na ya gesi. Jiko la pampu la mafuta ya taa la mtindo wa zamani lina kikombe kidogo cha spiriti chini ya kichwa, na skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kifuniko cha tangi. Usipokuwa na hakika jiko ni la mafuta gani, liache.

Pili, kagua tangi. Kubonyea kidogo si neno. Ufa kwenye maungio, kitako kilichovimba au mahali palipozibwa kwa risasi ya kulehemu ni sababu ya kuondoka. Kama tangi ni la chuma na si la shaba, mulika ndani kwa tochi. Kutu ikiwa imeshika sana, chembe zake zitaziba nozeli kila siku, na ukuta wa tangi huenda umekuwa mwembamba.

Tatu, angalia kama kichwa, nozeli na pampu vipo vyote. Miguu na kibao cha kuwekea sufuria fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza. Kichwa kilichotoboka hakina tiba.

Pampu isiposhika hewa, usiogope. Hilo ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na ndilo linalowafanya wauzaji waseme jiko limekufa.

KINACHOKUFA NI VITU VINNE

Shaba haichoki haraka. Vinavyochoka ni vipande vinne vidogo.

Cha kwanza ni washa ya ngozi ya pampu, kama ile ya pampu ya baiskeli. Ikikauka inasinyaa na hewa inapita pembeni. Itoe, iloweke kwenye oili usiku kucha, kisha panua kingo zake kwa vidole. Ikiwa imepasuka, weka mpya. Mafundi wa karabai na wa pampu za baiskeli huwa nazo, na anayejua kazi anaweza kukata moja kutoka kwenye ngozi laini.

Cha pili ni mpira wa kifuniko cha tangi. Usikate mpira wa tyubu ya baiskeli, kwani ukikaa ndani ya mafuta ya taa huvimba na kulainika. Tafuta mpira unaostahimili mafuta, wa aina inayotumika kwenye mfumo wa mafuta wa gari.

Cha tatu ni vali iliyo chini kabisa ya bomba la pampu. Ndani yake kuna kispringi na kipande kidogo cha mpira au gome. Kazi yake ni kuruhusu hewa kuingia na kuzuia mafuta yasirudi. Dalili ya vali mbovu ni moja na haikosei: ukimaliza kupampu, mpini unanyanyuka wenyewe. Ukiona hivyo usiwashe, kwa sababu mafuta yanaweza kurudi na kumwagika kupitia pampu karibu na moto. Mwandishi wa makala hii alipuuza dalili hiyo kwenye jiko lake la kwanza, akapoteza shati na nyusi. Bahati ilikuwa kwamba jiko lilikuwa nje, peke yake, juu ya mchanga.

Cha nne ni washa iliyo kati ya bomba na kichwa cha jiko. Hii ni ya risasi au madini mengine laini kwa sababu hupata joto kali. Usiweke mpira hapo hata siku moja.

KUSAFISHA

Mwaga mafuta yote ya zamani. Suuza tangi kwa mafuta ya taa safi kidogo, kisha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Rudia mpaka maji yatoke safi. Kwa nje, ndimu au siki na chumvi huondoa weusi wa shaba, lakini usiloweke kwa muda mrefu, kwani asidi hudhoofisha shaba ya njano na kuigeuza rangi ya waridi. Likaushe juani likiwa wazi hadi lisibaki tone la maji ndani. Maji yakichanganyika na mafuta, moto unakohoa na kuzimika.

Nozeli izibuliwe kwa sindano yake maalumu tu, ule waya mwembamba kwenye kishikio cha bati. Wengi hutumia sindano ya kushonea. Tundu likishapanuka halirudi, na kuanzia siku hiyo jiko litatoa mwali wa njano na masizi, na litakunywa mafuta. Ikifika hapo, nunua nozeli nyingine ya mafuta ya taa. Usikubali kupewa ya petroli, kwani matundu yake si sawa.

JARIBU KWA MAJI KWANZA

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha jiko lililofufuliwa na bomu. Jiko likiwa tupu, bila mafuta kabisa, funga skrubu ya hewa na kaza kila kitu. Mwenzako azibe tundu la nozeli kwa kidole. Pampu mara 15 hadi 20, kisha zamisha jiko lote kwenye ndoo ya maji na utazame mapovu.

Mapovu kwenye kifuniko yanamaanisha mpira haujakaa. Chini ya kichwa, washa ya risasi haijabana. Kwenye pampu, vali ni mbovu. Kwenye maungio ya tangi, kazi imekwisha, jiko hilo liuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Likipita, likaushe tena vizuri kabla ya kutia mafuta.

KUWASHA NA KUZIMA

1. Weka jiko nje, chini, mahali pasawa pasipo na majani makavu, na likinge na upepo.
2. Tia mafuta ya taa yasizidi robo tatu ya tangi. Hewa inahitaji nafasi.
3. Fungua skrubu ya hewa. Jaza kikombe cha spiriti na uwashe.
4. Subiri. Spiriti inapokaribia kwisha, funga skrubu na pampu taratibu mara tatu au nne.
5. Mwali wa bluu wenye mvumo ukitokea, ongeza pampu hadi moto utoshe.
6. Ukipanda mwali wa njano, fungua skrubu mara moja. Acha lipoe, kisha anza upya kwa spiriti.
7. Kuzima, fungua skrubu ya hewa. Usiongeze mafuta hadi jiko lipoe kabisa.

Usizungushie jiko bati au mawe hadi tangi likose hewa. Tangi likiwa la moto kiasi cha kushindwa kuligusa, zima.

MAFUTA UNAYONUNUA NJIANI

Hapa ndipo msafirishaji anapotofautiana na mpishi wa nyumbani, kwani hununua mafuta leo nchi hii, kesho nchi ile, mara nyingi kwenye chupa kando ya barabara. Kwa muda mrefu mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wajanja wakawa wanayachanganya na dizeli. Ili kuzuia hilo, Tanzania ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Mwenye jiko anaumia kwa bei, lakini hatari kwake ni mchanganyiko mwingine: petroli ndani ya mafuta ya taa. Dumu lililobeba petroli jana, leo likatiwa mafuta ya taa, linatosha kuleta balaa.

Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka hadi yafikie joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwenye jiko ambalo tangi liko chini ya moto, tofauti hiyo ni uhai. Nunua kituoni, beba dumu lako lililoandikwa, na kama mafuta yananuka petroli, usiyatie. Dizeli nayo huziba kichwa na kutoa moshi.

KWENYE LORI NA MPAKANI

Usipike ndani ya kibini, hata mvua inyeshe, hata madirisha yawe wazi. Jiko linalowaka mahali pamefungwa hutoa hewa ya ukaa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Usipike karibu na lori la mafuta, liwe lako au la jirani, hata likiwa tupu. Tangi tupu lina mvuke. Kama yadi inakataza moto, tii. Wakati wa kusafiri, skrubu ya hewa iwe imefunguliwa kwanza ili kutoa shinikizo, kisha ifungwe, na jiko lisimame wima ndani ya kisanduku.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kununua majiko haya upande mmoja na kuyauza upande mwingine, lipo jambo moja la forodha. Cheti cha Uasili wa Bidhaa kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Jiko lililotengenezwa Sweden au India halipati asili hiyo kwa sababu tu umelinunua Arusha. Uliza ushuru kabla ya kufunga mzigo, si ukiwa dirishani.

Na ukiuza, liwashe mbele ya mteja, umpe sindano moja na washa mbili za akiba. Mteja wa barabarani hurudi njia ile ile wiki mbili baadaye. Akirudi ameshiba atakuletea wenzake.