"Hayupo" au "Haikujibu"? Namna ya Kupima Mwongozo wa Programu Inayokagua Sajili za Afya

Mgonjwa anapofika kwenye dirisha la usajili katika zahanati au hospitali ya umma, karani huandika nambari yake ya kitambulisho kwenye kompyuta, kisha husubiri jibu. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, jibu hilo limekuwa na uzito mkubwa kwa sababu ndilo linaloonyesha iwapo mgonjwa amesajiliwa.

Jibu lenyewe halimo ndani ya kompyuta iliyo mezani. Hutoka katika sajili zilizo mbali, kila moja na kazi yake. Ipo sajili ya wagonjwa, ya vituo vya afya na ya wahudumu wa afya. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ndiyo iliyoweka msingi wa kuunganisha taarifa hizi katika mfumo mmoja nchini. Muunganisho ukikatika, dirisha la usajili hukwama.

Kwa sababu hiyo, vituo hutumia programu ndogo ya kukagua miunganisho. Kila baada ya dakika chache programu hiyo hubisha hodi kwa kila sajili na kuonyesha kijani ikijibiwa, nyekundu isipojibiwa. Programu huja na mwongozo wake wa matumizi, na hapo ndipo uzembe huingia. Programu hujaribiwa kwa majuma kadhaa, lakini mwongozo huhesabiwa kurasa tu na kutiwa sahihi.

Jambo la kwanza la kutazamwa katika mwongozo ni kama unatenganisha majibu mawili yanayofanana machoni pa karani: mgonjwa hayupo kwenye sajili, na sajili haikujibu. Mama aliyekuja kliniki akaambiwa "haupo kwenye mfumo" anaweza kurudi nyumbani au kutoa pesa mfukoni, kumbe amesajiliwa na ni seva tu iliyokuwa imelemewa.

Kompyuta zenyewe huyatenganisha. Katika mawasiliano ya intaneti, nambari 404 huonyesha kwamba kilichoombwa hakikupatikana, 503 kwamba seva haiwezi kuhudumia kwa wakati huo, na 401 kwamba aliyeomba hajathibitisha kuwa ana kibali. Mwongozo unaoyatia yote kwenye kapu moja, ukaandika "hitilafu ya muunganisho, wasiliana na msimamizi," umeficha habari ambayo programu ilikuwa nayo. Mwongozo mzuri hueleza hata mitego. Nambari 404, kwa mfano, hujitokeza pia anwani ya sajili ikiwa imeandikwa vibaya, hivyo si thibitisho kwamba mgonjwa hayupo. Nako katika FHIR, kanuni inayotumiwa sana kubadilishana taarifa za afya, kutafuta mtu asiyekuwepo huleta jibu 200, yaani "sawa", likiwa na orodha tupu.

Kwa hiyo ishara ya kijani nayo inahitaji maelezo. Je, ina maana kwamba seva imeitika tu? Kwamba imekubali nywila ya kituo? Au kwamba imetoa taarifa sahihi? Hizo ni hatua tatu tofauti. Njia ya kufikia hatua ya tatu ni kuuliza kuhusu mgonjwa wa kubuni aliyewekwa kwenye sajili kwa ajili ya majaribio, kisha kulinganisha jibu na kile kinachojulikana. Mwongozo usiosema programu yake inafika hatua ipi haufai kupita.

Baadhi ya hitilafu hutokana na mambo madogo kabisa. Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ikifa, tarehe inaweza kurudi nyuma miaka kadhaa, na vyeti vya usalama vya seva vikakataliwa kana kwamba muda wake bado haujaanza. Vyeti vyenyewe pia huisha muda. Kuanzia Septemba 2020, vyeti vipya vya kawaida vya intaneti havikuruhusiwa kuzidi siku 398, na baadaye iliamuliwa muda huo upunguzwe zaidi. Mwongozo useme onyo hutolewa siku ngapi kabla, na ni nani anayehuisha cheti.

Kuna suala la siri pia. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za afya ya mtu ni data nyeti. Picha za skrini zilizomo katika mwongozo zisiwe na jina wala nambari ya mgonjwa wa kweli, na ielezwe waziwazi programu huhifadhi nini katika kumbukumbu zake na kwa muda gani.

Kipimo kinachofichua mengi ni rahisi, wala hakihitaji mtaalamu wa TEHAMA. Karani ambaye hakuhudhuria mafunzo hupewa mwongozo na kompyuta ya majaribio. Kwanza waya wa mtandao huchomolewa, baadaye nywila hubadilishwa, kisha tarehe hurudishwa nyuma. Kila mara hutazamwa kama atalipata ukurasa unaofaa na kuchukua hatua sahihi. Aliyetengeneza programu anaweza kuwepo, mradi akae kimya. Hilo huwa gumu kwake kuliko kwa karani. Mwongozo unaopatikana kwenye intaneti pekee huanguka papo hapo waya unapochomolewa. Kurasa mbili tatu za dharura zinapaswa kuchapishwa kwa Kiswahili na kubandikwa karibu na dirisha.

Kurasa hizo pia ziseme huduma itaendeleaje wakati ishara ni nyekundu: mgonjwa aandikwe kwenye daftari lipi, saa ya hitilafu inukuliwe wapi, na ni nani atakayeingiza taarifa hizo baadaye bila kumsajili mtu mara mbili. Kwa mgonjwa wa dharura hakuna kusubiri sajili ijibu. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na sentensi hiyo inafaa kuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.